Mama wa Nusu Saa

"Kuanzia leo mpaka siku ya simu, nyumbani kwenu muongee Kiingereza tu," alisema Nelima. "Mkigombana, Kiingereza. Mkiitana kula, Kiingereza. Nataka hata kuta zizoee."

Sundus alimtazama asijue kama anataniwa. Ofisi ya Nelima ilikuwa ghorofani, Kabalagala, juu ya baa ambayo saa tano asubuhi ilikuwa bado inafagiliwa vizibo vya jana. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya watoto wa Vietnam waliovaa sare za bluu, wanacheka wote kwa pamoja kana kwamba wamelipwa. Chini ya picha hiyo alikaa Nelima mwenyewe, mwanamke wa Bungoma aliyekuja Kampala kuuza mitumba akaishia kuuza walimu.

"Lakini sisi nyumbani tunaongea Kiswahili," alisema Sundus.

"Najua. Si ndiyo maana nakwambia?" Nelima aligeuza kompyuta ili Sundus aione fomu. "Hapa wameuliza lugha ya kwanza, ile mtu anaongea na wazazi wake. Nimeshajaza Kiingereza. Shule ya kule Vietnam inataka mwalimu aliyezaliwa nacho. Wako na orodha yao ya nchi, na Uganda haiko. Nimebembeleza wiki mbili kwa barua pepe ndio wakubali kukusikiza. Sasa wewe unataka kuwaambia Kiswahili?"

"Nina miaka minne nafundisha Kiingereza. Nimesomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea."

"Skiza, hiyo maneno sikuitunga mimi. Hata mimi siielewi. Kuna vijana wazungu wanakuja pale, Kiingereza chao kinachechemea kuliko cha huyu anayefagia baa, na wanapewa darasa siku hiyo hiyo. Wewe unaulizwa mama yako anaongea nini." Alishusha sauti. "Na mtu yeyote akionekana kwa simu akiongea Kiswahili, sema ni mfanyakazi. Watu wote wa Asia wanajua Mwafrika mwenye pesa ako na mfanyakazi."

Sundus aliteremka ngazi kichwa kinamzunguka. Malipo ya kwanza ya Nelima alikwisha kuyatoa, na karatasi aliyotia saini ilisema hayarudi. Kiingereza alikuwa akifundishia, Kiluganda akibishania bei, Kiarabu akisalia, na Kiswahili akiishi nacho. Hakuna aliyewahi kumwambia achague kimoja aseme hiki ndicho changu. Alipofika barabarani, mwendesha boda alimuuliza kwa Kiluganda anakwenda wapi, akamjibu kwa Kiingereza, kisha akajiona mjinga.

*

Kwao ni Katwe, nyuma ya kiduka cha kofia, udi na tasbihi anachokaa baba yake mchana, akipokezana na mama yake. Jioni baba huyo, Maalim Nasser, husomesha watoto Kurani kwenye kibaraza. Wazee wake walitoka pwani zamani, wakabaki na Kiswahili chao kama watu wengine wanavyobaki na shamba la urithi. Maalim alipoelezwa habari ya fomu, alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu, jambo alifanyalo akitaka kugomba.

"Mwenye kuzaliwa na Kiingereza ni nani?" aliuliza. "Mtoto anatoka tumboni anasema gudimoning?"

"Baba, ni fomu tu."

"Fomu inasema unaongea Kiingereza na wazazi wako. Kwa hiyo ama mimi huyu naongea Kiingereza, ama mimi huyu si mzazi wako. Nichukue lipi?"

Sundus alimgeukia mama yake. Bi Hindu alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchele, na hakuinua uso.

"Mwache mtoto, Maalim," alisema. "Ile shule yake ya Ntinda imewaambia walimu muhula ujao ni nusu mshahara, na hata hiyo nusu haina tarehe. Akibaki hapa atakula kofia zako?"

Maalim alivaa miwani yake. Mambo ya riziki yakitajwa, mwanamume yule mwema hunyamaza, kwa sababu kofia kwa kweli hazikuwa zikitoka.

Usiku huo walijaribu. Bi Hindu alitenga wali, akafikiri kidogo, akasema kwa Kiingereza, "Chakula. Njooni." Wakaja. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile watu walikula bila kusema neno, maana Maalim hakujua namna ya kulalamikia chumvi kwa Kiingereza. Walipofika katikati ya sahani Bi Hindu alishikwa na kicheko, Maalim akamfuata, na Sundus, ambaye alikuwa na hofu tangu asubuhi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mradi wa Kiingereza ukafa pale pale, mezani.

*

Simu ilipangwa Jumatano saa nne asubuhi, ambayo kule Vietnam ni saa nane mchana. Tatizo la kwanza lilikuwa Hippolyte, fundi Mkongo wa jirani, ambaye tangu alfajiri hugonga mabati akitengeneza masigiri, yale majiko ya mkaa. Maalim alimwendea mwenyewe.

"Hippolyte, tupumzishe saa moja tu. Mwanangu anaongea na watu wa Asia."

"Papa, watu wa Asia hawapendi sigiri?"

"Hawapendi kelele."

"Kazi bila kelele ni kazi gani?" alisema Hippolyte, lakini aliweka nyundo chini akaenda kutafuta chai.

Maalim alibaki dukani. Bi Hindu aliambiwa akae jikoni, na akaahidi. Sundus alifunga mlango wa sebule, akaegemeza simu kwenye rundo la vitabu, akapaka mafuta midomo iliyokuwa imekauka.

Mkuu wa shule alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na sauti ya upole. Alimuuliza angefanya nini na mtoto asiyetaka kufungua mdomo, na Sundus akamweleza juu ya mtoto mmoja wa Ntinda aliyekaa muhula mzima bila kusema, mpaka alipopewa kazi ya kumfundisha mwanasesere. Mwanamke yule alicheka akaandika kitu. Akauliza nyumbani wanaongea lugha gani. Sundus akasema Kiingereza, na neno lenyewe likatoka kwa wepesi uliomshangaza.

Jikoni, Bi Hindu alikuwa akipata taabu ambayo hakuna aliyeifikiria. Alisikia sauti ya mgeni sebuleni kwake. Dakika kumi zilipita, zikawa ishirini, na mgeni huyo hajaambiwa hata karibu. Yeye alilelewa katika nyumba ambayo hata mtoza kodi hupewa maji kabla ya kutukanwa. Alijua vizuri kwamba mgeni yuko ndani ya simu, hakuwa mshamba. Lakini alijiuliza, mtu anayekuja kumchukua binti wa watu akaondoka bila kusalimiwa na mwenye nyumba, atawafikiria vipi? Kwa hiyo alichemsha kahawa, akapanga kashata kwenye kisahani, akaweka vikombe viwili, akafungua mlango kwa kiwiko.

"Karibu, mgeni wetu," alisema kwa Kiswahili, ameinama mbele ya simu ili aonekane. "Karibu sana. Kahawa hii yako, ijapokuwa hutaifikia."

Mwanamke wa kwenye simu alitabasamu uso mzima. "Ni nani huyu?" aliuliza.

Lile neno la Nelima lilikuwa limekaa mdomoni mwa Sundus tayari, na kabla hajajua anafanya nini lilikuwa limekwisha kutoka.

"Ni mfanyakazi wetu wa nyumbani," alisema kwa Kiingereza. "Yeye Kiingereza hakijui vizuri. Ndiye anayeongea Kiswahili."

Bi Hindu aliweka vikombe viwili mezani, kimoja mbele ya Sundus na kimoja mbele ya simu. Alikuwa bado anatabasamu. Akachukua sinia tupu akatoka, na mlango akaufunga taratibu kama alivyoambiwa.

*

"Imekwendaje?" aliuliza baadaye.

"Vizuri, mama."

"Alhamdulillahi. Na kahawa umeiacha ikapoa."

Basi, hakusema zaidi ya hapo. Siku zilizofuata Sundus alimchunguza mama yake kama mtu anayetafuta ufa ukutani. Bi Hindu alikwenda sokoni, akarudi, akalalamikia bei ya nyanya. Alimtania mumewe. Jumamosi Sundus alipoharakisha kuosha vyombo, mama alimwachia bila neno, naye siku zote husema Sundus anaosha kama anayemwogesha paka. Je, huko kumwachia kulikuwa na maana? Jumapili alimkuta mama akikunja nguo zake, za Sundus, zote, hata zile ambazo kwa kawaida humwambia azikunje mwenyewe. Na huko je?

Kiingereza cha Bi Hindu kilikuwa cha dukani: bei, vipimo, karibu tena. Huenda hakuelewa. Mara mia kwa siku Sundus alijiambia hakuelewa, na mara mia moja na moja akajiuliza. Alitaka kuomba msamaha, lakini ukimwomba mtu msamaha kwa tusi ambalo hakulisikia, si ndiyo unamtukana upya? Alikuwa hajui aogope nini zaidi, kukosa kazi au kuipata.

*

Wiki ya pili Nelima alikuja Katwe mwenyewe, amepanda boda, ameshika kompyuta kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa na habari mbili akaanza na ile nzuri. Shule imempenda Sundus. Kati ya watu kumi na wanne, wamemchagua yeye.

Maalim alisema "Allahu akbar" kwa sauti iliyowafanya wateja wa jirani wageuke.

"Ya pili ni ndogo tu," alisema Nelima, na akajifuta jasho. "Mkuu wa shule anasema kwao hawawezi kuchukua binti wa mtu akae mbali bila kuongea na mama yake kwanza. Ni heshima yao. Kesho saa nne anapiga. Anataka kumwona mama."

"Si huyu hapa?" Maalim alimwonyesha mkewe aliyekuwa akiweka chai. "Mwacheni amwone. Tatizo liko wapi?"

Nelima alimtazama Sundus. Sundus alitazama mkeka.

"Baba," alisema, "mama alipoingia siku ile... niliulizwa ni nani."

"Ukasema nani?"

Nelima ndiye aliyesema, haraka, kama anayetoa mwiba, na Maalim Nasser akabaki na kikombe hewani.

"Nitaandika niwaambie ukweli," alisema Sundus. "Leo hii."

"Ukweli gani?" Nelima alipandisha sauti. "Utaandika ulimkana mama yako mzazi? Mwalimu wa watoto wadogo? Nani atampa mtu kama huyo mtoto wake? Hiyo kazi imeisha, na mimi pale jina langu limeisha."

"Sasa tufanye nini?"

"Ndio nimekuja tufikirie. Mi' mwenyewe kichwa kimejaa."

"Hakuna cha kufikiria," alisema Bi Hindu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anamimina chai bila kumwaga hata tone. "Wewe Nelima, unawaandikia tu, uso wako hawaujui. Kiingereza unakijua na umri wako unatosha. Utakaa pale kwenye kochi, utakuwa mama. Mimi nitaleta chai."

Nje, Hippolyte aligonga bati mara tatu, akaacha.

"Kwa hiyo ulielewa," alisema Sundus. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimezaliwa Kampala, Sundus. Nimekaa dukani miaka thelathini. Neno hilo wenye majumba ya Ntinda wanalisema kila wakija na wasichana wao kununua udi. Ulidhani sijui maana yake?"

"Mama, banange, nisamehe. Mama..."

"Usinililie hapa. Nikikuona unalia nami nitalia, na chai itapoa." Alimpa Nelima kikombe. "Kunywa, mama Sundus."

Maalim alisimama. "Na mimi?" aliuliza. "Huyu mwanamke atakuwa nani wangu katika nyumba hii?"

"Mkeo," alisema Bi Hindu. "Kwa nusu saa. Usizoee."

*

Kesho yake Bi Hindu alimvika Nelima mtandio wake wa sikukuu, ule wa zambarau. Nelima alikuwa Mkristo wa kanisa la Jumapili na hakujua kuufunga. Kila akigeuza kichwa ulimteleza.

"Inua kidevu," alisema Bi Hindu, na sindano ya mtandio ameishika kwa meno. "Tulia. Unahangaika kama bibi harusi."

"Nikiulizwa jina nitasema nani?"

"Hindu."

"Hindu? Si wataniuliza kama nimetoka India?" Nelima alijaribu kucheka, kisha akamshika Bi Hindu mkono. "Mama, kweli mimi naona aibu. Nimefanya kazi hii miaka sita, sijawahi kufika hapa."

"Nami sijawahi," alisema Bi Hindu. Akarudi nyuma akamtazama, mwanamke mwingine aliyevaa nguo yake, akamrekebisha pindo begani. Kisha akaenda kujifunga leso kuukuu kiunoni na kitambaa cha jikoni kichwani. Maalim alishindwa kuangalia. Alitoka akaenda kukaa kwa Hippolyte, wanaume wawili na masigiri yao, nyundo iko chini.

Saa nne mkuu wa shule akatokea kwenye kompyuta ya Nelima. Alikuwa amevaa vizuri kuliko mara ya kwanza. Aliinamisha kichwa akasema ameona haya kumsumbua mama wa mwalimu, lakini kwao ndivyo inavyofanywa, na yeye naye ana binti anayeishi mbali.

"Mchukueni tu," alisema Nelima kwa Kiingereza chake kizuri. "Hakuna shida kabisa. Tumefurahi."

Mwanamke yule alionekana kushangaa kidogo. Pengine alitegemea mama angeuliza binti yake atalala wapi. Akaeleza mwenyewe: chumba kiko karibu na shule, kuna mwalimu mwingine wa kike mlango wa pili, ila miezi ya baridi nyumba za huko huwa na unyevunyevu. "Ana maradhi yoyote?" aliuliza. "Fomu inasema hana, lakini mama ndiye anayejua."

"Hana," alisema Nelima. "Tangu azaliwe hajaumwa hata kichwa."

Bi Hindu alikuwa ameshafika mlangoni na sinia. Alikuwa amejiambia aingie, aweke chai, atoke, asifungue mdomo. Aliweka kikombe cha kwanza. Aliweka cha pili. Alipofika cha tatu mkono ukagoma.

"Madam, samahani," alisema kwa Kiingereza cha dukani. "Kifua chake. Baridi ikija, usiku, hewa hakuna. Dawa ile ya kuvuta, weka karibu na mto. Yeye anasahau. Kila siku anasahau."

Sundus alifumba macho. Fomu ilisema hana maradhi, na sasa kazi imekwisha. Lakini mwanamke wa Vietnam alichukua kalamu akaandika, tena kwa makini. "Pumu," alisema. "Wengi wanayo huku. Daktari wetu yuko karibu. Asante kwa kuniambia." Kisha akamgeukia Nelima, bila ubaya wowote. "Wewe mama hukujua?"

Nelima alivuta mtandio uliokuwa ukimteleza. "Mimi nilikuwa mtu wa kazini," alisema. "Safari nyingi. Huyu ndiye aliyekaa na mtoto."

"Ah," alisema mkuu wa shule, akatikisa kichwa kama mtu anayeijua hadithi hiyo. "Amekaa kwenu miaka mingapi?"

Nelima alimtazama Sundus, Sundus akamtazama Nelima, na hakuna aliyekuwa na hesabu yoyote tayari.

"Ishirini na sita," alisema Bi Hindu.

Mwanamke aliinama kuangalia fomu iliyokuwa mbele yake. "Kumbe tangu Sundus azaliwe."

"Siku ile ile, madam."

"Basi nina ombi moja, mnisamehe kuingilia mambo ya nyumba yenu." Mkuu wa shule alimwangalia Nelima, na uso wake ulikuwa na wasiwasi wa kweli. "Sundus akija huku, tafadhali msimwachishe kazi huyu mama. Watu kama hawa, wakishalea watoto wetu wakazeeka, hawana pa kwenda. Mtamtunza?"

Bi Hindu alikuwa amesimama na sinia tupu mbele ya tumbo, macho chini, kama walivyosimama wale wasichana wa Ntinda dukani kwake. Sundus alimwona hivyo. Aliona kitambaa cha jikoni kichwani mwa mama yake, na kitu ndani yake kikakataa.

"Ni mama yangu," alisema. Kiingereza chake kilitetemeka. "Huyu. Huyu ndiye mama yangu."

Nelima alimbana goti chini ya meza mpaka likauma. Kwenye kioo mwanamke wa Vietnam alivua miwani akasogeza uso karibu, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

Ndipo Bi Hindu akacheka.

"Huyu mtoto, madam!" alisema. "Ananiita mama tangu mdogo. Watoto wote niliowalea wananiita mama. Mimi ni mtu wa kazi tu, madam. Mama yake ni huyu hapa."

Kiingereza chake, ambacho siku zote huenda kikijikwaa, safari hii kilinyooka kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mtu angedhani alikuwa ameyakariri maneno yale usiku kucha. Alimtazama Sundus mara moja tu, na jicho lile Sundus alilijua tangu utotoni. Lilikuwa jicho la kumwambia anyamaze mbele ya wageni. Akanyamaza.

"Naelewa," alisema mkuu wa shule, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Hata kwetu yaya tunamwita mama. Mtoto anayemkumbuka yaya wake atawapenda watoto wangu." Alisema mkataba utatumwa jioni hiyo hiyo. Aliinamisha kichwa kwa Nelima, kisha akainamisha kwa Bi Hindu, na kwa Bi Hindu akakaa kidogo zaidi kabla ya kuinuka. Kioo kikawa cheusi.

"Tumepata!" Nelima aliuvuta mtandio kichwani, sindano ikaruka. "Sundus, tumepata! Na wewe Mama Sundus, wewe ungekuwa kwa filamu, haki ya Mungu..." Aligeuka, akakuta Bi Hindu ameshatoka. Furaha yote ikamwishia usoni. Akaanza kukunja mtandio ule wa watu, pembe kwa pembe, taratibu sana.

Nje Hippolyte alisikika akiuliza kama sasa anaruhusiwa kufanya kazi, na Maalim akimjibu kwamba yeye hajui, asimuulize yeye kitu chochote leo.

Sundus alikwenda jikoni. Mama yake alikuwa amempa mgongo, anaosha kikombe.

"Mama."

Bi Hindu aliendelea kuosha. Kikombe chenyewe kilikuwa kimeshatakata.

"Mama, wamenikubali."

Maji yaliendelea kumwagika. Sundus alisimama mlangoni asijue kama aingie au arudi, kama aseme asante au nisamehe, na lipi kati ya hayo lingemuumiza mama yake zaidi.

"Mama," alisema mara ya tatu.

"Ile mashine imezimwa?" aliuliza Bi Hindu bila kugeuka.

"Imezimwa."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama. Nelima ameshaifunga."

Bi Hindu aliweka kikombe chini. Alifungua kitambaa kichwani, akafutia mikono, kidole kimoja kimoja, kisha akageuka, na uso wake wote ulikuwa umelowa.

"Haya," alisema. "Niite tena."